Ovataimu Nyumbani kwa Musyoka

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuhudumia watu wenye ulemavu majumbani mwao, mtanisamehe nikiwaandikia huku nikisimama na kuketi. Nimestaafu mwaka wa tatu sasa. Binti yangu Nekesa alininunulia kiti kizuri chenye mito, na hicho kiti nakijua kwa macho zaidi kuliko kwa makalio. Naketi kidogo, nainuka, naenda dirishani, narudi. Mke wangu anasema ninazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni mazoea ya kazi. Kwa miaka kumi na mmoja nilimgeuza mtu mmoja kila baada ya saa mbili, ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, na mwili wangu mpaka leo haujapata habari kwamba kazi imeisha.

Lakini siku hizi hali imezidi. Tunangoja kanuni za ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada, za wahudumu wa nyumbani. Kamati ilikuja huku kwetu Kariobangi kuchukua maoni ya wananchi, nikasimama nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelificha miaka tisa. Tangu siku hiyo hata chakula nakila nimesimama. Nataka mlijue jambo lenyewe kutoka kwangu, kabla hamjaletewa na watu ambao hawakuwepo.

Mtu niliyemhudumia anaitwa Musyoka. Ni mchongaji, Mkamba wa kuchonga twiga, vitana na miiko. Siku moja walikuwa wakishusha magogo kutoka kwenye lori, gogo likateleza, likampiga uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi kitu. Mikono ilibaki mizima, na ulimi ukawa mkali maradufu. Alikuwa akiishi mtaa wa Mowlem, nyumba ya chini, pamoja na mkewe, ambaye sasa ni marehemu, na binti yao Ndanu, karani katika ofisi moja mjini. Mkewe aliuliza kanisani kama kuna mwanamume mwenye nguvu anayetafuta kazi. Mimi nilikuwa nimeachishwa kazi kiwandani, na nguvu ndiyo peke yake niliyokuwa nayo. Nikaenda.

Siku ya kwanza nilimkumbatia kifuani nikamnyanyua kutoka kitandani kama gunia la mahindi. Hatukufika kwenye kiti. Nilianguka chali, naye akaanguka juu yangu. Akatulia pale juu ya kifua changu, akatazama huku na huku, kisha akauliza kwa upole kama tumeshafika.

Aliyeniokoa ni jirani yao, Mama Felista, mama mzee aliyekuwa amefanya kazi wodini maisha yake yote. Alikuja mara tatu wiki hiyo, akanifundisha mambo ambayo siku hizi nyinyi mnafundishwa darasani na kupewa cheti. Kwamba nguvu ya kumwinua mtu inatoka miguuni, si mgongoni. Kwamba kabla hujamgusa mtu unamwambia unachotaka kufanya, kwa sababu ule ni mwili wake, si meza. Kwamba mfuko wa mkojo haupandi juu ya kiuno. Kwamba shuka iliyokunjamana chini ya mtu asiyehisi ni kisu, kwa hiyo ukimaliza kutandika pitisha mkono wote, na asubuhi na jioni angalia visigino na mfupa wa chini wa mgongo kama kumeanza kuwa na wekundu. Na maji ya kuoga upime kwa kiwiko. Kiganja cha mtu wa kazi kimekuwa kigumu, alisema, kitakudanganya.

Siku hizi mna mbao laini za kumtelezesha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na magodoro ya hewa yanayojipuliza yenyewe. Ni vitu vizuri sana. Lakini stima ikipotea godoro hilo hunywea kama chapati, kwa hiyo jifunzeni pia kumgeuza mtu kwa shuka. Msiwaachie mafundi wa stima ngozi ya mtu.

Sasa, kuhusu hizo kanuni. Mgongo wangu uliponishinda, kazi ya Musyoka ilichukuliwa na Mama Beti, mwanamke wa mtaa wa Umoja mwenye mikono mizuri kuliko yangu. Ndiye aliyekuja kwangu na simu yake akanionyesha rasimu. Ilisema mhudumu awe na saa zake zinazojulikana, na zikipita hizo ziandikwe na zilipwe kama ovataimu, na mtu asifanye kazi siku mbili mfululizo bila mwenzake kumpokea. Pia kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mhudumu anayelala chumbani kwa anayemhudumia, hata akiwa amefumba macho, yuko kazini. Mama Beti aliniomba niende nikakiunge mkono hicho. Alisema wahudumu wenzake wanaogopa kusema mbele ya waajiri wao, lakini mimi nimestaafu, hakuna wa kunifuta.

Nilimwambia nitafikiri. Kisha nikaenda kumwona Musyoka, kwa sababu kila nikitaka kufikiri huwa naenda kwake.

Nilimkuta Ndanu nyumbani, naye alikuwa ameshaisoma rasimu yote, na kwa kalamu. Ndanu si mtu mbaya, hilo mlishike. Mama yake alipofariki aliachiwa baba, nyumba na kazi, na hakuna ndugu mwingine. Aliniambia kanuni zikipita hivyo zilivyo, hawezi kupata mhudumu wa pili, na Mama Beti akiondoka jioni, yeye mwenyewe atabaki kumgeuza baba yake hadi asubuhi kisha aende ofisini. Kuhusu kulala alisema hivi: akilala, amelala, hata mimi nalala, hakuna anayenilipa. Musyoka alikuwa akisugua kitana kwa msasa, ubao ukiwa mapajani. Aliponitazama, nilijua tunafikiria Jumapili ileile.

Jumapili hiyo ilikuwa katika mwaka wa nne wa kazi yangu. Ijumaa asubuhi mkewe na Ndanu walisafiri Ukambani kwenda kumzika ndugu wa huyo mama. Walipaswa kurudi Jumamosi jioni. Jumamosi jioni wakapiga simu: mto umefurika, magari hayavuki, watajaribu kesho. Nikawaambia hakuna shida. Vijana, hakuna maneno ya hatari zaidi katika kazi yetu kuliko hayo. Musyoka alikuwa na mafua ya kifua, na mtu ambaye misuli ya tumbo imekufa hawezi kukohoa sawasawa. Lazima umketishe na kumkaza mbavu ili atoe makohozi. Kwa hiyo usiku wote wa Ijumaa na usiku wote wa Jumamosi nilikuwa nikimgeuza na kumketisha, kumketisha na kumgeuza.

Jumapili saa tatu asubuhi nilimweka kwenye kiti cha magurudumu nimwoshe miguu. Kwaya ya kanisa la jirani ilikuwa imeanza. Nilimimina maji ya moto kwenye karai, nikainua miguu yake kwa kushika suruali, nikaitia ndani. Nilijua bado sijatia maji baridi. Naapa nilijua. Ndoo ya maji baridi ilikuwa pale mlangoni. Nikajiambia nikae kwenye stuli nipumue kidogo kisha niivute. Hapo kumbukumbu yangu inakatika.

Kilichoniamsha ni sauti yake. Haikuwa ya kelele. Alisema, "Wekesa, miguu yangu."

Ubao wa kuchongea uliokuwa mapajani mwake ulikuwa umemkinga asione chini. Alikuwa amesikia nikikoroma, akacheka, akaendelea na kitana chake; alipoinama kuchukua msasa ulioanguka ndipo akaona mvuke. Alikuwa ameshaitoa miguu mwenyewe kwa mikono yake, mmoja mmoja. Sitawaeleza ile ngozi ilivyokuwa. Jambo moja tu nitawaambia, nalo ndilo linalonitembeza mpaka leo: hakuwa na maumivu. Alikuwa akiitazama kama mtu anayetazama mali ya mwingine iliyoharibika, na mimi ndiye niliyekuwa nikilia.

Mkewe na Ndanu waliporudi walitukuta hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Kabla sijafungua mdomo, Musyoka aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyetaka maji yawe ya moto, kwamba alinilazimisha, kwamba alitaka kujaribu kama atahisi. Mkewe aliketi chini kwenye korido akajifunika uso kwa leso. Ndanu alimtazama baba yake kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. Nami nilinyamaza. Nikarudi kazini kesho yake, na vidonda vile nikavifunga bandeji mimi mwenyewe kwa miezi, hadi vikapona.

Mnaweza kudhani uongo ule ulipona pia. Ndanu aliuamini. Tangu siku hiyo hakumwacha baba yake karibu na kitu cha moto. Alificha birika. Mtu mzima, mwenye mikono ya kuchonga twiga, akawa anapewa chai ya vuguvugu kwenye kikombe cha plastiki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea. Miaka saba.

Siku ya maoni ukumbi ulijaa. Nje kulikuwa na mafundi wa jua kali wakichomelea mageti, kelele ikawa nyingi, madirisha yakafungwa, tukabaki tunapikwa humo ndani. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye subira, alisema kila mtu ana dakika mbili, na asiyepata nafasi aandike na kuleta kabla ya wiki mbili kuisha. Wahudumu walikaa nyuma, familia zikakaa mbele. Watu wenye ulemavu wenyewe walipangwa pembeni, karibu na ukuta, kwa sababu viti vyao vya magurudumu havikuenea kati ya mistari. Musyoka alikuwa huko, Mama Beti amesimama nyuma yake.

Ndanu alizungumza mapema, na alizungumza vizuri. Alisema kanuni zimeandikwa kana kwamba kila nyumba ni kampuni. Alisema baba yake amehudumiwa miaka kumi na mingapi bila kanuni, na hajawahi kuumizwa na mhudumu hata mara moja. Watu wa mbele walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua nimesimama.

Walinipa maiki. Nilikuwa nimepanga kusema mambo ya jumla, uchovu, afya, haki. Badala yake nilitaja jina langu na jina la mwajiri wangu, nikasema nilimchoma miguu kwa maji ya moto Jumapili moja kwa sababu nilikuwa nimekaa kazini tangu Ijumaa bila kupokewa, na kwamba nililala.

Ndanu hakungoja maiki. Aligeuka kwenye kiti chake, akasema, "Si yeye mwenyewe aliyeyataka?"

Nikamjibu, "Hapana, Ndanu. Hakuyataka. Nililala."

Tukasikia tena wale wachomeleaji huko nje. Mwenyekiti akaniuliza taratibu ninaunga mkono kifungu kipi. Sikuwa na namba ya kifungu. Nilisimama pale na maiki, na mtu mmoja akacheka. Mama Beti ndiye aliyesema kutoka ukutani kwamba ni kile cha kulala. Karani wa kamati akaandika. Dakika zangu mbili zilikuwa zimekwisha.

Nilipogeuka, Ndanu alikuwa ameshashika vipini vya kiti cha baba yake akimsukuma kwenda mlangoni. Nilimtazama Musyoka. Yeye hakunitazama. Nilitegemea hasira ya Ndanu, lakini hiyo ya Musyoka haikuwa katika hesabu yangu. Usiku ule ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Mtu alidanganya kwa ajili yangu, nami nikamvua nguo mbele ya binti yake na mtaa mzima, bila hata kumwambia kwanza. Mimi, niliyefundishwa kumwambia mtu kabla ya kumgusa.

Siku kumi na moja hakuna aliyenipigia. Mama Beti alituma ujumbe mmoja tu kwamba bado yuko kazini. Nilitembea. Nilikwenda Soko la Burma kununua nyama nikarudi bila nyama, mke wangu akanituma tena, nikarudi na maini ambayo hakuagiza. Mara mbili nilifika hadi geti la nyumba anakoishi Musyoka nikageuka. Wahudumu wawili walinisimamisha barabarani kunishukuru, na wa tatu, mwanamume wa rika langu, akaniambia nimewaharibia, kwamba sasa kila familia itamwona mhudumu kama mtu wa kuchoma watu.

Siku ya kumi na mbili Musyoka akapiga simu. Alisema nije, na nije na miwani.

Ndanu ndiye aliyenifungulia. Alikuwa na kanga kiunoni na nywele hazijachanwa. Alinisalimia, "Shikamoo, Baba Nekesa," kwa sauti kavu, akanipisha. Mama Beti hakuwepo. Kumbe tangu jana Ndanu alikuwa amemwambia aende kwake apumzike, naye mwenyewe akaomba ruhusa ofisini akabaki. Niliangalia shuka ya Musyoka kwa mazoea. Ilikuwa na kunjo upande wa chini, na mto ulikuwa mahali pasipofaa. Nikaificha mikono nyuma.

Musyoka alinipa karatasi. Alikuwa ameiandika kwa mkono, herufi kubwa zilizochongoka kana kwamba alizichonga. Maoni kwa kamati. Akaniambia nisome kwa sauti. Ilisema kwamba yeye ni Musyoka, mchongaji, na yaliyosemwa ukumbini kuhusu miguu yake ni kweli. Kwamba yeye ndiye aliyeidanganya familia yake. Kisha iliendelea hivi: "Sikudanganya kwa huruma. Niliogopa Wekesa akifukuzwa nitabaki bila mtu wa kunigeuza. Mhudumu anasema hakuna shida kwa sababu anaogopa kufutwa. Sisi tunasema hakuna shida kwa sababu tunaogopa kuachwa. Msihesabu hayo kuwa ni makubaliano."

Nilisoma mpaka hapo nikaishusha karatasi. Miaka tisa nilikuwa nimeubeba uongo ule kama zawadi. Nilikuwa nikijiambia, mtu huyu alinipenda hata akanisitiri.

"Ulidhani nilikuwa nakusitiri," Musyoka alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalala pale hospitali nahesabu watu ninaowajua, natafuta ambaye angeweza kunishika kama wewe. Sikupata wa pili."

Nikamwomba msamaha, wa maji na wa ukumbini, yote mawili. Alisema ya maji alishayasahau, ila ya ukumbini bado yanamkera, na yakiacha kumkera ataniambia. Kisha akanitaka niweke sahihi yangu chini ya yake kama shahidi. Nikaiweka. Akaniambia sahihi yangu inafanana na mguu wa kuku.

Ndanu alikuwa amesimama karibu na jiko muda wote huo. Alikuja akaichukua ile karatasi, akaisoma tena kimya, akaikunja akaitia mkobani. Alisema ataipeleka yeye mwenyewe kesho, kwa kuwa ndiyo siku ya mwisho, na kwamba ataambatisha ya kwake. Yake bado inasema hajui atampata wapi mhudumu wa pili, na serikali iseme pia nani atasaidia familia kumpata. Nikamwambia hiyo nayo ni kweli. Alimgeukia baba yake na kumwuliza mbona hakumwambia hata mama. Musyoka alifungua mdomo akaufunga, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Ndanu akaenda dirishani akasimama hapo, akitugeuzia mgongo.

Kanuni bado hazijatoka. Kila wiki Mama Beti husikia hili na lile, kwamba kifungu cha kulala kimetolewa, kwamba kimerudishwa. Sina habari ya kuwapa, na hilo linanitoa kitini zaidi ya mgongo. Ila kuna jambo moja la siku ile nililolibakiza.

Nilipokuwa nikitoka, Ndanu alinifuata hadi mlangoni. Alisema ameona hawezi tena kumwacha Mama Beti afanye kazi siku zote saba za wiki. Alisema Jumamosi hii ana shughuli ya ofisi, na akaniuliza kama naweza kuja kukaa na baba yake. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kusema hakuna shida. Nikaufunga. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikaivaa tena, huku yeye akingoja.

"Kuanzia saa ngapi," nikamwuliza, "hadi saa ngapi?"

Ndanu akarudi ndani kutafuta kalamu.